Mgeni Kwenye Slaidi

Watu hudhani kazi yangu ni maiti. Mawifi zangu nikiwapa mkono, wanautazama kwanza kabla ya kuupokea. Siwabishii, maana inanipunguzia wageni wa Jumapili. Ukweli ni kwamba karibu wote ninaowasoma wako hai. Wamekaa nyumbani, au kwenye benchi nje ya maabara, wanangoja nitazame kinyama chao kwenye hadubini niseme ni kitu gani. Uvimbe mwingi ni uvimbe tu. Lakini mara mojamoja hutokea kitu nilichokiona zaidi vitabuni kuliko mezani, na siku hiyo chai yangu hupoa bila kunywewa.

Siku ninayoisimulia ilipoa mapema sana.

Slaidi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya mama mmoja aliyetolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya vijiwe. Kazi nyepesi. Nikapita ukuta wa kifuko wote, nikaona kuvimba kwa kawaida, nikawa nimeshaanza kufikiria slaidi inayofuata. Pembeni kabisa, mbali kidogo na nyama yenyewe, kulikuwa na kichembe. Nikaongeza ukubwa. Nikaondoa jicho, nikapangusa lenzi kwa pindo la koti, nikarudi. Zilikuwa seli kubwa, mbaya, viini vyake vimepinda kama kwato za punda, zimejibanza katikati ya seli ndogo za tezi. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu, tena ya aina adimu, ile isiyokuwa na subira na mtu.

Sisi kichembe cha namna hiyo tunakiita mgeni. Nyama ya kila mgonjwa hugandishwa ndani ya kibonge cha nta, Fundi wetu wa maabara anakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, anavilaza juu ya beseni la maji ya vuguvugu vikunjuke, kisha anaviokota kwa kioo. Kioo hicho kikishatiwa rangi ndiyo slaidi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa lazima afute uso wa maji kwa karatasi laini. Asipofuta, chembe ya mgonjwa wa kwanza inabaki ikielea, na kioo cha mgonjwa wa pili kinaizoa. Basi unakuta mtu ana nyama isiyo yake.

Kwa kawaida tunamzungushia mgeni wino mwekundu na kuendelea na kazi. Ila mgeni ana kwao. Fundi hukata kwa foleni, na aliyetangulia kwenye beseni kabla ya mama wa nyongo alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu tunamwita Kelele tangu anatambaa. Ana saluni, na ukipita barabarani unasikia kicheko chake kabla ya mashine za kukaushia nywele. Alitokwa na uvimbe shingoni, daktari wa upasuaji akautoa, ukaletwa kwetu. Mganga hajigangi, na kanuni yetu inakataza kusoma nyama ya ndugu yako. Lakini mwenzangu alikuwa safarini kwenye mafunzo na mimi subira sina. Niliisoma mwenyewe. Tezi ilikuwa safi. Nilimpigia simu palepale, naye akapiga ukelele uliofanya wateja wake wote wapige vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Siku hiyohiyo akafuta miadi yake ya hospitali. Aliniambia hana muda wa kukaa foleni na wagonjwa.

Nikaenda chumba cha kukatia. Fundi alikuwa ameinama kwenye mashine yake, miwani imeshuka puani.

"Fundi, juzi ulifuta maji?"

Hakuinua kichwa. "Daktari, unaniuliza mimi kama nilifuta maji? Kamuulize na samaki kama anajua kuogelea."

"Nakuuliza wewe."

"Nilifuta. Kwangu hakuna mgeni."

"Kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa. Niape?"

"Apa."

Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake, akamalizia kwa macho yake yote mawili, ambayo ndiyo riziki yake. Mkuu wa maabara alikuwa amemwonya kwamba akipatikana tena na mgeni atahamishiwa kuosha chupa, kwa hiyo mtu mwenye akili angekipima kiapo kile kabla ya kukimeza. Mimi nilikimeza kizimakizima. Sijawahi kumpenda Fundi kama dakika ile. Kama alifuta maji, basi kichembe si mgeni, ni mali ya mama wa nyongo. Hata kitabibu ilikubalika, maana karibu na shingo ya kifuko cha nyongo huwa kuna katezi kadogo, na katezi kanaweza kuugua. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika majibu tu.

Nikatoka nje nipate hewa. Kumbe kwenye benchi alikuwa amekaa mama wa nyongo mwenyewe. Nilimjua kwa chupa aliyoipakata. Madaktari wa upasuaji huwapa watu vijiwe vyao waende navyo nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa majibu?"

"Ndiye mimi. Bado kidogo."

"Usijali, nitakaa. Kukaa si kazi." Akaitikisa chupa, vijiwe vikalia. "Hebu ona nilivyokuwa nimevibeba. Nawapelekea wajukuu. Wanasema bibi ana roho ngumu, nitawaonyesha ni nyongo."

Nilicheka, kwa sababu alichekesha. Na huku nacheka, macho yangu yalikuwa shingoni pake. Yalishuka hadi penye mfupa wa bega, yakapanda nyuma ya sikio, yakarudi. Ilinichukua muda kujua ninachofanya. Nilikuwa naitafuta saratani kwenye shingo ya mama wa watu, na nilikuwa nataka niipate.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimeusema msemo huo mara nyingi nikiwasema wengine, na siku ile nikajiona mchawi aliyevaa koti jeupe. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nisijitie utakatifu, haikuwa aibu iliyoninyanyua pale. Ilikuwa hofu. Maana nilipomtazama yule mama akivihesabu vijiwe vyake, niliuona mtego wote. Nikimpa ugonjwa usio wake, atatiwa dawa zinazochoma mwili akiwa mzima. Na mwenye ugonjwa ataendelea kucheka saluni, akiwa na majibu yangu mazuri mkononi, mpaka siku atakapoanguka.

Nikarudi ndani karibu nikikimbia. Nikavuta droo ya vibonge, nikachukua cha mdogo wangu, nikaenda nacho dirishani. Kwenye kibonge cha nta, nyama huonekana kwa jicho tupu kama ukiitafuta. Nikakiinamisha kwenye mwanga. Pale katikati palikuwa na kipande cha ukubwa wa haragwe. Kando yake, ndani ya mafuta, palikuwa na kingine kidogo kama punje ya mtama.

Nikaichukua slaidi yake niliyoisoma kwa furaha, nikaiweka ubavuni mwa kibonge. Kwenye slaidi kulikuwa na haragwe peke yake.

Mafuta hayashiki vizuri kwenye kioo, mtu yeyote wa kazi hii analijua hilo. Punje ilikuwa imechomoka juu ya maji na kuelea zake. Nilisikia mtu akipumua nyuma yangu.

"Daktari," Fundi alisema. "Karatasi zilikuwa zimekwisha siku ile. Nilipitisha ukingo wa kioo juu ya maji. Nilidhani inatosha."

"Na viapo vyote vile?"

"Niliogopa."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena ya kumtoa nyama, na kila anayenijua anajua sina uchoyo wa maneno hayo. Hayakutoka. Kama karatasi zisingekwisha, kama angeyafuta maji yale kama alivyoapa, punje ingeishia kwenye pipa la taka na hakuna ambaye angejua kitu. Uzembe wake ndio ulioniletea ile habari. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumshukuru.

"Kata tena," nikasema.

Akakipokea kibonge. Vibonge vyetu vina namba, havina majina, hivyo yeye hakujua. "Ni nani huyu?"

"Mdogo wangu."

"Yule wa kelele? Aliyetuletea maandazi siku ile?"

Akakaa kwenye kiti chake taratibu kama mzee. Alifungua bunda jipya la karatasi, akafuta maji, akayafuta tena, ndipo akakata. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Vipande vilitoka kwenye wembe vimeshikana, vikateleza juu ya maji, na safari hii alikishika kile kidogo kwa ncha ya brashi kama anamshika mtoto mkono avuke barabara. Rangi ina mwendo wake, huwezi kuiharakisha. Nilizungukazunguka, nikapanga vitu vilivyokuwa vimepangika, nikamwomba Mungu aniaibishe, anionyeshe kwamba nimemsumbua Fundi bure.

Aliniletea slaidi ikiwa bado na unyevu.

Haragwe lilikuwa safi kama nilivyolisoma mwanzo. Nikasogeza slaidi kidogo, punje ikaingia. Ilikuwa imejaa. Kwato kila mahali, zimesongamana, hakuna hata nafasi ya tezi nzima kuonekana. Hakikuwa tena kichembe cha kubishaniwa. Bado kulikuwa na rangi maalumu za kupaka ili kulipa ugonjwa jina lake kamili, na mwenzangu akirudi angepaswa kuthibitisha, lakini hizo ni taratibu. Mimi nilishajua. Nililia palepale mezani, kwa sauti, na Fundi akatoka akafunga mlango.

Niliponawa uso nilikwenda kwanza kwenye benchi. Yule mama alistahili kwenda nyumbani.

"Ni vijiwe tu, mama. Hakuna kingine. Umepona."

Akasimama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, wala hakuutazama kwanza. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Awape afya wewe na ndugu zako wote."

"Amina," nikasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Kisha nikaingia ofisini nikampigia mdogo wangu. Mashine za nywele zilikuwa zinanguruma nyuma yake, na mtu alikuwa anacheka.

"Dada! Sema haraka, nimeshika kichwa cha mtu."

"Nataka uje kazini kwangu."

"Leo? Leo nimejaa. Nije kesho?"

"Leo. Ukimaliza hicho kichwa, usianze kingine."

"We dada, una nini? Unaniita huko kwenye madawa yenu mimi nitafanya nini?"

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nimewapangia watu wengi maneno hayo, na huwa yanatoka sawasawa. "Njoo na shemeji," ndiyo yaliyotoka.

Mashine moja ikazimwa, halafu nyingine, mpaka nikawa nasikia pumzi zake.

"Dada, si ulisema niko salama?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unanidanganya?"

"Hapana. Sikuwa nimekiona."

Hakuuliza ni kitu gani. Nikamsikia akimwambia mtu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, amsogezee kiti.