Kiwango cha Mtu Mzima

"Tuseme tu ukweli, Mama," mkwe wangu akasema. "Hutaki mtoto aende kituo cha kulelea watoto. Hiyo karatasi ni kisingizio."

"Ningetaka kisingizio ningetafuta kizuri kuliko kosa langu mwenyewe," nikamjibu.

"Tangu nijifungue unasema kituo kina watoto wengi, kituo kina mafua, kituo kina mlezi mmoja mwenye kucha ndefu. Jumatatu narudi kazini, leo Jumamosi saa tatu asubuhi unakuja na habari ya damu."

"Na zile kucha ni ndefu kweli."

Mwanangu alicheka, mkewe akamtazama, akaacha kucheka. Mwanangu alikuwa katikati ya sebule na mtoto begani, anatembea hatua tatu kwenda, tatu kurudi, kwa sababu akisimama tu mtoto anakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa katika wiki ya saba. Mtoto mwenyewe ana miezi minne. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na kwa kweli katika waume wawili niliojaliwa huyu ndiye msikivu zaidi.

"Mama anataka mumewe abaki nyumbani," mkwe akasema. "Si useme? Tungejua moja."

"Nataka. Hilo sijawahi kulificha. Lakini silo lililonileta."

Nikaiweka ile karatasi mezani, juu ya orodha yake ya vitu vya kituoni. Huyu binti ni mpima ardhi. Kila kitu chake kina orodha, na kila orodha ina tarehe. Nampenda kwa hilo, ingawa kumwambia siku ile lingekuwa kosa la pili.

Karatasi ilikuwa majibu ya damu ya mtoto, ya wiki mbili zilizopita. Kikohozi hakiishi, utando mweupe mdomoni umerudi mara ya tatu, choo laini kila siku, na uzito kwenye kadi umesimama pale pale kwa wiki tano. Nikasema aletwe tumpime. Maabara ya hospitali ya hapa ndiyo kazi yangu. Nina stashahada na miaka ishirini na mbili ya kukaa nyuma ya hadubini. Damu ilipita kwenye mashine, mashine ikatoa namba bila alama yoyote ya tahadhari, nami chini yake nikaandika kwa mkono wangu: Kawaida. Nikasaini. Daktari wa zahanati akaona saini yangu, akasema watoto ndivyo walivyo, akatoa dawa ya kikohozi.

"Soma hapa," mkwe akasema, kidole juu ya lile neno. "Hii ni hati ya nani?"

"Yangu."

"Nimelala usingizi wiki mbili kwa neno lako hili moja. Niliacha kuamka kumsikiliza anavyopumua. Nilisema kama Mama ameona damu yake kwa macho yake, basi." Sauti yake ilishuka. "Halafu leo unaniambia hukuiona?"

"Niliona namba. Sikuona damu."

Nikamweleza ilivyokuwa, toka mwanzo.

Juzi Alhamisi mashine iliishiwa dawa zake na wanaoleta hawakutokea. Wodi ya watoto hainisubiri, kwa hiyo nikarudi kwenye njia ya zamani: tone la damu kwenye kioo, rangi, hadubini, na kile kidude cha kubofya kwa kidole kila unapoona chembe nyeupe, hadi zifike mia. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi sita aliyelazwa kwa kuungua na uji. Nikatazama, nikaona kioo chote kimejaa limfosaiti, zile chembe za duara zenye kiini kikubwa kama macho ya bundi. Sitini na mbili kati ya mia. Nikatabasamu, nikakumbuka mwalimu wetu chuoni aliyekuwa akituchapa kwa maneno: damu ya mtoto mchanga si damu ya mtu mzima iliyopunguzwa. Ni damu nyingine.

Tabasamu likafia hapo hapo. Mimi hutengeneza kioo cha kila mtoto hata mashine isipolalamika, nikakiweka bila kukitazama, ni mazoea tu, na cha mjukuu wangu kilikuwa kwenye sanduku. Nikakitoa. Nikahesabu. Kumi na nane kati ya mia. Nikahesabu upya, kumi na saba. Mara ya tatu nikafunga mlango, nikahesabu polepole. Kumi na nane.

"Lakini namba ya hizo limfosaiti iko ndani ya kiwango," mkwe akasema. Alikuwa ameishika karatasi sasa. "Elfu moja na mia nne. Hapa wameandika kuanzia elfu moja. Sijasoma mambo yenu, lakini hesabu najua."

"Hicho ni kiwango cha mtu mzima. Mtoto wa miezi minne anatakiwa awe na karibu elfu nne kwenda juu. Ile mashine ina sehemu ya kuchagua umri. Toka ifungwe, miaka saba, hakuna aliyeigusa, nikiwemo mimi. Kila mtoto aliyepita pale alipimwa kama mzee mwenye ndevu."

Mwanangu akasimama. Mtoto akakohoa. Akaanza kutembea tena.

"Kwa hiyo namba ni sahihi," mkwe akasema polepole.

"Namba ni sahihi kabisa."

"Ila imepimwa kutoka mahali pasipo sahihi."

Nilimtazama. Alikuwa ameacha kugombana, na uso wake ulikuwa ule niliouona siku moja nilipompelekea chakula kazini, ameinama kwenye chombo chake cha miguu mitatu, dunia nzima haipo.

"Mwaka juzi tulipima mtaa mzima hivyo," akasema. "Bikoni, ile alama ya ardhini ya kuanzia kupima, ilikuwa imehamishwa na mtu aliyejenga choo. Kila kipimo kilikuwa sahihi, hesabu zikafunga, hakuna aliyeshtuka. Nyumba thelathini zikaingia barabarani." Akaweka karatasi chini. "Nani mwingine anajua?"

"Mkuu wangu. Nilimwambia Alhamisi ile ile. Nimebandika karatasi kwenye mashine kwamba watoto wasisomewe kiwango kile, na jana nimeshinda na rejesta kuwatafuta wengine. Kwenu nilitaka kuja jana jioni, nikaona nihakikishe kwanza kwa daktari wa watoto wa hospitali kubwa. Amenipigia leo saa moja."

"Amesema nini?" akauliza mwanangu.

"Kaeni."

"Mama, nikikaa anakohoa."

"Basi tembea, usikilize."

Mwanangu ni mpishi wa hoteli. Mambo ya damu anayajua kwa nyama tu. Nikachagua maneno ya kawaida. Nikamwambia kuna aina ya limfosaiti zinazoitwa seli T. Hizi ndizo zinazotambua kijidudu kilichojificha na kuziamsha nyingine zifanye kazi. Hazizaliwi zikijua. Zinaanzia kwenye uboho, ndani ya mfupa, zinasafiri hadi kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inaitwa thaimasi, na pale ndipo zinapokuzwa. Kukuzwa kwenyewe ni kwa kuambiwa. Seli za tezi zinatoa ujumbe wa kikemikali: ishi, gawanyika, sasa badilika, wewe unayeshambulia mwili wenyewe ondoka. Hatua kwa hatua, ujumbe kwa ujumbe. Seli isiyoambiwa kitu haisubiri. Inakufa.

"Na zake haziambiwi?"

"Huenda zinaambiwa, hazisikii. Kila seli ina kipokezi kwenye ngozi yake, kama sikio. Ujumbe ukigusa kipokezi, ndani kunapokezana hadi kwenye kiini, seli inatii. Kipokezi kikiwa kibovu, au kile kinachopokea kutoka kwake ndani, tezi itapiga kelele hadi ichoke. Hakuna anayeitika."

"Kama mimi nikiambiwa nioshe vyombo."

"Wewe unasikia," mkewe akasema bila kugeuka. "Unajifanya tu."

Tulicheka watatu, cheko fupi, na nikashukuru kimoyomoyo kwamba nilizaa mtu anayeweza kuchekesha akiwa ameogopa. Maana alikuwa ameogopa. Mkono wake mgongoni mwa mtoto ulikuwa umetanuka kama anaziba tundu.

"Sijasema ndiyo hiyo," nikaendelea. "Nasema tena, sijasema. Maambukizi ya kawaida tu yanaweza kuzishusha chembe kwa muda. Daktari anataka kipimo kinachohesabu seli T zenyewe, si limfosaiti zote kwa jumla. Zikiwepo za kutosha, tutarudi nyumbani na mtanitukana mwezi mzima. Lakini kama hazipo, mafua ya mtoto mwingine ni mafua kwa mtoto mwingine. Kwa huyu ni hatari ya kumpoteza. Kituo kina watoto ishirini na nne."

"Na kama hazipo," mkwe akauliza, "kuna dawa?"

"Kuna ya kumkinga wakati tunasubiri. Ya kuponya hasa ni kupewa uboho wa mtu mwingine unaolingana naye. Seli mpya, zenye masikio. Wanafanya, na wakiwahi mtoto akiwa mdogo hivi na hajashikwa na kitu kikubwa, wengi wanapona. Wakichelewa ni habari nyingine. Ndiyo maana siwezi kungoja Jumatatu."

Akainuka, akaenda dirishani. Najua alichokuwa anakihesabu. Mradi wa barabara unaanza Jumatatu, timu inaondoka saa kumi na mbili, na nafasi yake ya kuongoza timu ameisubiri miaka minne. Likizo imekwisha. Meneja wake alikwisha kumwambia kuna kijana mwingine yuko tayari. Nilitaka kumwambia nitaongea na meneja, kisha nikakumbuka kwamba si kazi yangu kila kitu.

"Nilikuwa na hasira na wewe," akasema akiwa bado amenipa mgongo.

"Ni haki yako. Endelea nayo."

"Bado ninayo."

"Sawa. Utapanda nayo gari."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imenyooka. "Ungeweza kunyamaza. Ungesema turudie kipimo tu, nami nisingejua neno lile lilikosewa."

"Ungejua mbele ya daktari, kwa mdomo wa mtu usiyemjua. Afadhali ulisikie kwangu, unipigie kelele mimi."

"Sikupiga kelele."

"Ulipiga kidogo," mwanangu akasema.

"Wewe mlete hapa." Akampokea mtoto, akambusu utosini. Mtoto akamshika sikio kama anavyomshika kila mtu. Halafu mkwe akaninyooshea simu yangu iliyokuwa mezani. "Mpigie daktari. Mwambie tunakuja sasa hivi."

Nikapiga. Daktari akapokea mara ya pili. Akataka umri, uzito, na chanjo alizopata, nikamsomea kutoka kwenye kadi. Akasema tusipite mapokezi wala tusikae kwenye foleni na watoto wenye homa, kuna mlango wa nyuma karibu na chumba cha kufulia, tufike tumpigie, atashuka mwenyewe. Asibebwe na mtu mwenye mafua. Tunawe mikono. Mama alete vipimo vyote vya nyuma, hata vya kipindi cha mimba.

"Vipo," mkwe akasema, akiwa tayari ameshafungua droo. "Vimepangwa kwa tarehe."

Mwanangu akaenda kutoa gari. Mimi nikanawa hadi kwenye viwiko, kama tunavyofundishwa. Niliporudi, mkwe alikuwa na simu sikioni, mtoto begani, faili kwapani, anaongea na meneja wake kwa sauti ile ile anayotumia kusoma vipimo.

"Sitakuja Jumatatu. Hapana, siyo Jumanne pia. Mwanangu anaenda hospitali, na sijui ni kwa muda gani. Timu mpe huyo kijana." Akasikiliza. "Nimeelewa. Asante." Akakata.

Hakulia. Akapiga namba ya kituo, akawaambia mtoto haji. Wakamuuliza ni kwa nini, akasema atakaa na bibi yake, kwa sasa.

Nje gari lilikuwa linanguruma. Nikafungua mlango wa nyuma ili nimpishe aingie, yeye akanipa mtoto.

"Ingia wewe naye nyuma," akasema. "Mimi nakaa mbele nimwelekeze njia huyu, maana akiachwa atapita sokoni."

Nikaingia. Mume wangu alikuwa mwepesi mno kwa miezi minne, na alininusa shingoni akitafuta ziwa lisilokuwepo. Nikamfunga vizuri, nikafunga mlango, na gari likaondoka.