Kengele ya Babu Mpya

Mzee Waya hakuwa mtu wa kushindwa na kengele aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Miaka ya ufundi redio ndiyo iliyompa jina hilo, pamoja na kiburi kidogo. Lakini juzi binti yake alimletea mjukuu wake wa kwanza, mtoto mchanga, akabonyeza kengele mpaka kidole kikachoka. Alipiga hata simu. Mkewe alikuwa sokoni, na mzee alikuwa sebuleni, yu macho kabisa, anasoma gazeti. Binti akarudi na mtoto juani. Jumamosi angekuja tena, na mzee aliapa kwamba safari hii hawasimami nje.

Kosa ni la spika, alisema. Kitu kidogo kama kifuniko cha soda kitapiga kelele gani? Akafunga spika kubwa ya redio mbovu, akakaa kitini, mkewe akabonyeza kule nje. Bado. Akaunda kisanduku cha mbao, akaibana spika humo, maana spika iliyo uchi hupoteza sauti. Bado. Akaongeza transista ya kukuza sauti. Mkewe alimwambia inatosha na kuzidi. Akajibiwa ufundi awaachie mafundi. Mama wa watu akaendelea kubonyeza.

Ndipo mshona viatu wa ng'ambo ya barabara alipoingia mbio, nyundo mkononi, akiuliza moto uko wapi.

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia mkewe pale mlangoni. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kitufe, mwingine umeziba sikio. Kumbe kengele ilikuwa ikilia muda wote.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mkewe alimsogelea, akapaza sauti. "Mwaka wa pili huu, mume wangu. Niliogopa kukuumiza."

Iliuma kweli. Lakini Jumamosi haikuwa mbali, na mzee hakuwa na muda wa kujihurumia. Akairudisha spika ndogo kwa ajili ya mkewe, kisha akavuta waya mpaka mbele ya kiti chake na kuunga balbu nyekundu.

Jumamosi balbu iliwaka, naye akawa wa kwanza mlangoni. Akampokea mjukuu. Mtoto akaangua kilio. Mzee aliuona mdomo umefunguka wote, akahisi kifua kidogo kikitetemeka mikononi mwake, lakini sauti ilimfikia kwa mbali mno.

"Jumatatu nipeleke hospitali nikapimwe masikio," alimwambia mkewe, bila kumwondolea mtoto macho. "Huyu akianza kusema, nataka nimsikie."