Zima Umeme Kwanza Ndipo Utie Sahihi

Wakikuletea kifurushi cha vitu vitatu kwa pamoja, intaneti, televisheni na simu ya mezani, usitie sahihi kabla hujajua simu hiyo itafanyaje umeme ukikatika. Nawaambia kina mama wenzangu hasa, wenye watoto wagonjwa. Mimi swali hilo nililiuliza, ila sikulikazania, na nusura roho initoke.

Kwetu simu ya mezani si pambo. Binti yangu wa mwisho, tunamwita Kitinda, ana pumu. Mchana mimi niko kiwandani nafunga mikate, mume wangu yuko barabarani na lori, na kaka yake Kitinda yuko shule. Anayebaki naye ni mama mkwe wangu, ambaye macho yake yameshaingia ukungu. Simu ya mkononi anaishika kichwa chini, anaongea na mgongo wake. Lakini ya mezani vidole vyake vinaijua. Kifua cha mtoto kikianza kubana anapapasa, anabonyeza, mimi napokea. Bila simu ile nisingethubutu kwenda kazini.

Dada wa mauzo wa kampuni ya simu alikuja Jumamosi, sote tukiwa sebuleni.

"Mama yangu, kila kitu kinapita waya mmoja," akasema. "Ule wa zamani tunaukata, namba yenu inabaki ileile."

Alipotaja chaneli za mpira, mume wangu akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Na umeme ukikatika?" nikauliza.

"Umeme ukikatika, mama, hata friji inalala."

Wakacheka wote. Mume wangu akamwambia, "Dada, mzoee tu. Huyu hata mvua ikinyesha anauliza kama ina kibali."

Nikacheka na mimi, nikaona haya kuuliza tena. Tukatia sahihi. Fundi akaja, akafunga kisanduku chenye taa za kijani, simu yetu akaichomeka humo. Ikalia vizuri. Picha za televisheni zikawa safi kama kioo, kaka mtu akawa haitiki hata akiitwa kula. Nikasema moyoni, basi, hofu yangu ilikuwa ya bure.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika mji mzima. Kiwandani jenereta ikanguruma, mikate ikaendelea kushuka. Mapumziko yalipofika nikapiga nyumbani kama kawaida yangu. Namba haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Na asubuhi Kitinda alikuwa ameamka na kikohozi. Nikamfuata msimamizi.

"Msimamizi, naenda nyumbani."

"Kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

Nilikimbia na aproni yangu na kile kikofia cha wavu kichwani, watu wananipisha wakidhani nafukuzwa. Njia nzima nilikuwa naona mambo ambayo mama hataki kuyaona.

Nikasukuma mlango. Kitinda yuko sakafuni, anauvalisha mto gauni lake. Mama mkwe yuko kwenye kiti, ameipakata simu mapajani kama kuku mgonjwa.

"Mama, mko salama?"

"Sisi tuko salama. Simu yenu ndiyo imekata roho. Naisalimia, haiitiki." Kisha akashusha sauti. "Kifua kilimbana huyu. Nikakutafuta, kimya. Nikapapasa kabatini, nikamvutisha dawa, kikaachia. Kisingeachia, mwanangu, ningemwita nani?"

Nilitaka kumjibu, pumzi zikakataa. Kitinda akanitazama juu mpaka chini, akainuka, akaniletea dawa yake.

"Mama, vuta. Usiogope, haichomi."

Nikakaa palepale sakafuni nikamkumbatia na mto wake, nikacheka huku machozi yananitoka.

Jioni nilipomsimulia mume wangu, utani ulimwisha. "Mama watoto, lile lilikuwa swali," akasema, akampigia dada wa mauzo yeye mwenyewe.

Dada alirudi na fundi. "Mama yangu, mbona hukuniambia kuna mgonjwa?"

"Niliuliza, mdogo wangu. Ukanipa habari za friji."

Akaziba mdomo kwa mkono, akaomba radhi, na nilimwona ameumia kweli. Akasema kipo kifurushi kingine ambacho kisanduku chake kina betri, umeme ukienda simu inabaki hai kwa saa kadhaa.

"Na betri ikikaribia kwisha?"

"Inalia, mama. Bibi ataisikia, atakupigia mapema." Akamtazama mume wangu. "Ila chaneli za mpira humo ni chache."

Sote tukamgeukia. Akakuna kichwa, akatazama televisheni, akamtazama Kitinda. "Mpira nitausikiliza kwenye redio ya lori."

Fundi akakifunga kisanduku kipya, wakaniachia muda betri ijae, wakarudi na karatasi na kalamu.

"Bado," nikasema. "Nazima kwanza."

Nikaenda kwenye swichi kubwa ya umeme, nikaishusha. Televisheni ikakata katikati ya neno, friji ikanyamaza, na mume wangu akapiga kelele. Nikatoka nje na simu yangu ya mkononi, nikapiga. Kimya. Mara ndani ya nyumba isiyo na umeme, kengele ikalia.

"Haloo, nani?" Mama mkwe.

"Ni mimi, Mama."

"Uko wapi?"

"Hapa nje, mlangoni."

"Sasa mtu yuko mlangoni anapiga simu ya nini? Ingia, na uwashe umeme, mumeo huku ananililia mpira umekatikia pabaya."

Niliegemea ukuta, nikashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea. Halafu nikaingia, nikawasha umeme, nikatia sahihi.