Mabenchi Mawili ya Kliniki

Utepe ulisema sentimita thelathini, kama ulivyosema wiki tatu zilizopita. Chesang alilipima tena tumbo la Wariara, taratibu, akitumaini mkono wake ndio uliokosea. Haukukosea.

“Unakula vizuri?”

“Nakula, sista. Shida ni usingizi. Nimeshafunga nguo kwa gunia. Kura zikiharibika, tutatoka mbio.”

Chesang alimwandikia vidonge vya damu na barua ya kwenda kupigwa picha hospitalini. Lakini alikuwa mkunga wa mtaa wa Kaptembwo kwa miaka ishirini, na aliyajua maradhi haya yasiyo na jina. Mwaka ule wa machafuko ya baada ya kura alipokea watoto waliotangulia miezi yao, wembamba kama mahindi ya ukame, hata kwa akina mama ambao hawakuguswa na mtu. Hofu ya mtaa iliwafikia tumboni. Hakuwahi kulitamka hilo. Kazi yake, alijiambia, ilikuwa kupima na kuandika.

Nje, wajawazito walikuwa wamejigawa. Benchi la dirishani lilinong’ona Kikuyu, la mlangoni Kikalenjin. Jepkemei, aliyeuza sukuma wiki meza moja na Wariara kwa miaka minne, alikuwa amegeuzia kisogo benchi la dirishani, la akina Wariara.

Subira ikamwishia Chesang.

“Jepkemei, ingia. Njoo unisaidie kusikiliza.”

Jepkemei akasita, akaingia. Chesang akamkabidhi kifaa chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, kilichofanana na tarumbeta ndogo, akamwinamisha juu ya tumbo la Wariara. Kisha uso wa Jepkemei ukafunguka.

“Woi! Huyu anakimbia hivi anaenda wapi?”

“Si umuulize,” Wariara akasema, macho darini. “Labda amesikia nyinyi Wakalenjin ndio mnajua kukimbia.”

Jepkemei akaangua kicheko. Wariara naye akashindwa kujizuia, tumbo likatikisika, na machozi ya miezi miwili yakapata njia.

Vichwa vikachungulia mlangoni. “Sista, na sisi?” akauliza binti mmoja, Cheptoo.

Ikawa ada ya kila Jumatatu, kila mmoja kumsikiliza mtoto wa mwenzake. Wiki ya pili mabenchi yakasogezwa pamoja na utepe wa Wariara ukafika thelathini na mbili. Wiki ya tatu pakaja sufuria ya mukimo, viazi vya kupondwa vya Kikuyu, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin. Uvumi ulipobisha hodi, uliwakuta watu wana shughuli.

Kura zikapigwa, zikahesabiwa, mtaa ukafungua maduka. Siku ya nane baada ya kura, adhuhuri, Wariara akajifungua binti wa kilo tatu na robo, mwenye sauti ya kunadi mitumba.

“Vile vidonge vya damu vimefanya kazi,” daktari aliyekuja kumkagua akasema.

“Huenda,” Chesang akajibu. Siku hiyo alikuwa amembeba mtoto kwanza, akampima baadaye.

Jioni Jepkemei akaja na uji, tumbo likimtangulia mlangoni. Akainama kumtazama mgeni, akashika ukingo wa kitanda, akatulia ghafla.

“Ni nini?” Wariara akauliza.

“Sista,” Jepkemei akasema polepole, akimgeukia Chesang, tabasamu likipigana mweleka na maumivu, “nafikiri huyu wangu hataki kuachwa.”