Mpwa wa Marehemu Erasmo

Mpangaji anayeulizia ukoo wa marehemu mwenye nyumba, mimi simwamini. Choo kiko wapi, maji yanatoka saa ngapi, hayo ndiyo maswali ya mpangaji. Leonadi alikuwa hajamaliza hata wiki hapa Rasbura alipokuja barazani kwangu, akanywa kahawa yangu, akaniuliza kama marehemu Erasmo alikuwa na dada.

"Dada wa nini?" nikamwuliza.

"Nauliza tu, Bi Mwahija. Na mimi ni Mmakonde, huenda tukawa ndugu."

Nikampelekea habari jirani yangu Emerensiana, mjane wa Erasmo. Akacheka. "Wewe hata paka akipita unamshuku." Ni kweli, nashuku, na sioni haya.

Yeye hofu yake ilikuwa kwingine. Nyumba ile Erasmo aliijenga kwa mkopo wa benki, na alipofariki, Emerensiana, muuguzi, akaendelea kuulipa kwa kukatwa mshahara. Kilichomsaidia ni nafuu ya kodi: mwenye mkopo anayeishi mwenyewe katika nyumba yake alipunguziwa kodi ya mshahara. Akipangisha, nafuu inafutwa, na yote aliyokwisha kuipata anairudisha. Bila nafuu hiyo angeshindwa kulipa, na benki ingeiuza nyumba. Lakini ndiyo miaka ile biashara imeachiwa huria, maduka yamejaa vitu na mifuko yetu mitupu, na wanunuzi binafsi wa korosho wanamiminika Lindi kutafuta pa kulala na pa kuweka magunia. Leonadi alikuja na pango la msimu mzima mkononi. Emerensiana akamwachia nyumba kubwa, yeye na wanawe wakahamia jikoni uani, kimya kimya.

Tangu hapo akawa anamwogopa kila mwanamume aliyevaa viatu. Akipita mtu na faili kwapani, Emerensiana anajifungia.

Na kweli mtu wa kodi akaja. Alikuja asubuhi na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bakary. Mimi nilikuwa uani kwa Emerensiana, tunachambua mchicha. Leonadi akatokea mlango wa nyuma, kajifunga shuka, mswaki mdomoni.

"Huyu nani?" akauliza mtu wa kodi.

Emerensiana angesema ni kaka yake, Mzee Bakary anawajua kaka zake wote. Nikamwona anavyohangaika kutafuta neno.

"Ni mpwa wa marehemu," akasema. "Mtoto wa dada yake Rosemary, yule aliyevuka Ruvuma akaolewa Msumbiji."

Mtu wa kodi akaridhika, akaondoka zake. Mzee Bakary akabaki nyuma, akampa Leonadi mikono miwili. "Pole sana kwa kufiwa na mjomba."

Leonadi akatoa mswaki mdomoni. "Tumeshapoa, mzee," akasema, taratibu kabisa.

Sisi watu wa mjini tunarithi kwa baba. Lakini nimekaa na Wamakonde na Wamwera miaka mingi, najua kwao mali ya mtu humwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Emerensiana alizaliwa ndani ya mila hiyo, aliijua kuliko mimi. Ila asubuhi ile alikuwa akimwangalia mtu wa kodi tu.

"Umesema nini wewe?" nikamnong'oneza.

"Ni maneno tu, Bi Mwahija. Nafuu imebaki."

Msimu ukaisha, Leonadi hakuondoka. Alipanda mlimani Rondo kwa ndugu wa Erasmo, akarudi na mihogo na salamu. Akaanza kumwita Emerensiana mkaza mjomba, mbele za watu, kwa heshima ya kutia kichefuchefu. Emerensiana alipodai pango la msimu mpya, akamwuliza kwa upole, "Mpwa analipa pango kwa mjomba wake?"

Tukaenda kwa Mzee Bakary. Leonadi alikwisha kufika, kakaa katikati ya wazee wawili wa ukoo wa Erasmo.

"Huyu ni mpangaji," Emerensiana akasema. "Nilidanganya kwa sababu ya kodi. Nafuu waifute, nitajua la kufanya. Nyumba ni ya wanangu."

"Una hati ya upangaji?" akauliza Mzee Bakary.

Hakuwa nayo. Angeiandikaje, na ndilo jambo alilokuwa akilificha? Nikasema mimi ni shahidi, huyu ni mpangaji.

"Ulimwona akilipa?"

Sikumwona. Walilipana ndani, mlango umefungwa.

"Na siku ile aliposema ni mpwa, ulikuwepo?"

Nilikuwepo.

Mzee mmoja akamtazama Leonadi usoni. "Pua ni ya Erasmo," akasema, na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Leonadi akainamisha uso. "Naomba msimlaumu mkaza mjomba. Ana uchungu wa kufiwa. Mimi simfukuzi. Atakaa pale pale jikoni, mpaka Mungu atakapomchukua."

Wazee wakatazamana, wamefurahi. Wakasema hakuna ubishi, huyu ni mtoto wa Rosemary, kwani Rosemary naye alikuwa na huruma hivyo hivyo.