Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mimi ni mbishi, na ubishi huo umenitia aibu ambayo sijui nitaivua lini.

Marietha, mwenzangu kazini, alinisihi sana. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kliniki moja ya macho huku Lindi, ya kukaa ndani ya kompyuta ya mapokezi, maana mtandao wenyewe leo upo, kesho haupo. "Deo, tuandike majaribio," akasema. "Kila kipande kijaribiwe peke yake, hasa hiki cha saa."

Kipande cha saa nilikiandika mimi. Nesi anaandika saa zetu za Kiswahili, kompyuta inataka zake za kuhesabu toka usiku wa manane, basi unajumlisha sita, mchezo kwisha. Hata hivyo nilijaribu kuyaweka hayo majaribio. Siku nzima programu ikagoma, makosa mekundu skrini nzima. Nikafyonza. "Marietha, usinipotezee muda. Kujumlisha sita nako kunataka majaribio?" Akarudi kwenye kompyuta yake.

Madaktari bingwa walikuwa wanakuja siku moja tu. Shangazi Brigita, aliyenilea kule Rondo, alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishakufa, limebaki moja. Nikajitia ukubwa, nikamwomba nesi Justa amweke wa kwanza, kabla ya watu wote. Justa akaandika saa kumi na mbili asubuhi.

Kumi na mbili ukijumlisha sita ni kumi na nane, na kumi na nane kwa kompyuta ni jioni. Karatasi ikachapwa: saa kumi na mbili jioni. Wa saa moja, wa saa mbili, wote walitoka sawasawa. Shangazi yangu tu! Nami nikampa kondakta wa basi la Rondo ile karatasi ampelekee, bila hata kuisoma, nikaenda zangu Kilwa Masoko kufunga kompyuta nyingine.

Jirani yake, Alfonsi, alimsomea, akashangaa: "Mama, madaktari gani hao wa jioni?"

"Hiyo imetoka kwenye mashine ya Deo wangu," akamjibu. "Haikosei."

Akafika jioni, kavaa kitenge chake cha kanisani. Madaktari walishaondoka tangu alasiri.

Nilihangaika naye mpaka Dar es Salaam. Tulipompata daktari, wiki tatu zilikuwa zimepita. Akammulika, akatikisa kichwa.

Niliporudi nikakaa na Marietha, tukayaweka yale majaribio, tukarekebisha na kile kipande cha saa. Kumbe siku ile yalipogoma nilikosea mstari mmoja tu. Nusu saa, kazi imekwisha! Nikapanda Rondo kumweleza shangazi ukweli wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwambia kila kitu, nikilia. Nilitaka anitukane. Akanipapasa uso, akauliza, "Na hilo jaribio lako, likiwa sawa unajuaje?"

"Linawaka rangi ya kijani."

"Limewaka?"

"Limewaka, shangazi."

"Haya, vizuri," akasema. "Kijani bado naikumbuka."