Tiki ya Tundu la Kushoto

Enzi za uhai wake, kaka yake fundi alikuwa na wimbo mmoja tu kwa kila laptopu iliyoingia karakanani mwao: matundu. La flashi, la skrini ya nje, la hedifoni, yote yapimwe, na kila lililopita liwekewe tiki kwenye karatasi ya gundi iliyobandikwa juu ya kifuniko. Hata miaka arobaini hakuwa amefikisha, lakini mtaa ulishambatiza Mzee wa Matundu. Kusifu hakujua. Kazi ikiwa mbovu, angekusema mpaka ujute kuzaliwa. Ikinyooka, alinyamaza tu.

Miezi mitatu iliyopita waligombana. Fundi alikuwa ametia tiki tundu ambalo hakulipima, na mteja akarudi amefura. Kaka akamsema mbele za watu, naye kwa hasira akamjibu kwamba amechoka na matundu yake. Wakanuniana siku mbili. Siku ya tatu kaka akaanguka bafuni, asiamke tena. Tangu hapo fundi anatembea na samahani ambayo hakuwahi kuisema.

Leo asubuhi laptopu ya mwalimu mmoja ilikuwa mezani, limebaki tundu la hedifoni na maiki yake. Fundi akachomeka, akabonyeza kurekodi, akahesabu mpaka tatu kama alivyofundishwa. Kisha akajisikiliza.

Moja, mbili, tatu. Halafu sauti ya kaka, ya chini, na kikohozi chake kile kile: nne.

Mwingine angetupa hedifoni na kutoka mkuku. Fundi nywele zilimsimama, ila alianza kutafuta sababu, maana fundi ni fundi hata mbele ya mzimu. Rekodi ya zamani? Diski aliiweka mwenyewe jana, mpya, tupu. Akabadilisha hedifoni, akahesabu tena. Nne ikaja tena, safari hii karibu zaidi, kama mtu aliyeinama begani kwake kukagua kazi.

Mwalimu, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi nje, akachungulia kuuliza kama tayari. Fundi akamwomba dakika kumi. Akarekodi tena.

"Kaka, umenisamehe?"

Akairudisha rekodi. Akasikia swali lake mwenyewe, la kinyonge kuliko alivyodhani. Kisha kikohozi.

"Mdogo wangu, la kushoto hukulipima."

Akaitazama karatasi. Matundu sita, tiki tano, na lililobaki ni hilo la hedifoni. Tundu la flashi la kushoto lilikuwa na tiki yake, nzuri tu. Ndipo jasho likamtoka. Alilitia tiki bila kulipima, kwa sababu mwalimu alisema hajawahi kulitumia. Kosa lile lile. Akachomeka flashi hapo, na taa yake haikuwaka.

Alitoka akamweleza mwalimu ukweli, kwamba nusura ampe kazi ambayo haijaisha. Mwalimu akakunja uso, akaangalia saa, akakaa tena. Fundi akaifungua mashine, akakuta mguu mmoja wa tundu umeachia ubao wa saketi, akauchomelea, akafunga. Flashi ikawaka. Hakuridhika. Akabandua karatasi yote, akabandika mpya, akapima kila tundu upya, na tiki hakuitia mpaka aone kwa macho yake.

Likabaki la hedifoni. Moyo ulimwenda mbio kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa aliogopa jibu.

"Kaka, umenisamehe?"

Akairudisha, akazikandamiza hedifoni masikioni kwa mikono miwili. Swali lake likapita. Baada yake hapakuwa na kikohozi, wala nne, wala neno. Akasikiliza mpaka rekodi ikafika mwisho, kimya kitupu, na fundi alimjua kaka yake: kazi ikinyooka, alinyamaza tu. Akalia palepale, hedifoni kichwani, kisha akatia tiki ya sita.